Gari la Jumuiya na Maji ya Bondeni: Je, Tulifunge Bomba la Pumzi?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwisho lilitolewa shauri kwamba gari la Jumuiya lifungwe bomba refu la kuvutia hewa, lile ambalo vijana huliita snokeli. Ni bomba linalotoka ubavuni mwa gari, likapanda pembeni mwa kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Wengine walilipokea shauri hilo kwa furaha, wengine walilikataa kwa ajili ya gharama, na mkutano ukaondoka bila ya kukata neno. Kamati ikatuagiza sisi ofisini tulitazame jambo hili, tuulize mafundi, kisha tulieleze katika gazeti letu, ili kila tawi lipate kulizungumza kabla ya mkutano ujao. Basi hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Katika somo hili tutaliita bomba la pumzi, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Wale waliohudhuria watakumbuka maneno ya mzee mmoja aliyekaa nyuma. Aliinua mkono akasema, "Mwanangu Katibu, bomba hilo mnalitaka limwokoe nani, gari au mtu?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, likiokoka gari na watu wameokoka." Mzee akasema, "Si lazima," akanyamaza. Watu walicheka. Sisi tumeyafikiri sana maneno yale, na tutayarudia mwisho wa somo.

JAMBO LILILOTUFIKA

Wanachama wengi wamesikia khabari ya gari letu kuingia maji, lakini kila aliyeisimulia ameongeza lake. Yafaa tuieleze kama ilivyokuwa, pamoja na kosa letu.

Ilikuwa wakati wa vuli, na uchumaji umepamba moto. Magunia 18 ya karafuu kavu yalikuwa shambani yakingojea kupelekwa kituoni kuuzwa. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Alasiri dereva alitupigia simu, akatuambia kwamba maji yamejaa bondeni, na kwamba yeye aona kheri alale huko mpaka asubuhi. Sisi tukamjibu ajitahidi afike jioni ile ile, kwa kuwa wenye karafuu wanataka fedha zao. Neno hilo lilitoka ofisini. Halikuwa la dereva.

Dereva akaingia majini kwa kasi ili apite upesi. Juu ya magunia walikuwa wamekaa vijana wawili wapakizi. Maji yenyewe hayakufika kwenye boneti, lakini kwa kasi ile wimbi lilijikusanya mbele ya gari likapanda juu. Mashine ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Dereva akapiga stata mara mbili. Mara ya pili pakasikika mlio kama wa nyundo juu ya chuma, kisha kimya. Vijana wakateremka wakishikilia kamba ya magunia, na watu wa kijiji wakawatupia kamba nyingine wakawavuta mpaka ukingoni. Dereva naye akatoka kwa kamba ile ile. Karafuu zilitolewa usiku, kwa vichwa. Magunia 6 yaliingia maji. Tulizianika upya juu ya majamvi, lakini rangi ilikwisha kuharibika, zikashuka daraja, na wenyewe wakapata bei isiyokuwa ile waliyoitarajia.

Fundi alipoifungua mashine alikuta konrodi moja imepinda. Hakuweza kutuambia kama ilipinda pale mashine ilipozimika au pale stata ilipopigwa, lakini alisema kwamba stata haikupasa kupigwa hata mara moja.

Hiyo ndiyo sababu ya shauri la bomba. Sasa tuangalie bomba hilo laweza kutufaa kwa kiasi gani.

MASHINE HUPUMUAJE

Gari letu ni pikapu ya dizeli ya namna ya zamani. Mashine yake ina silinda 4, na ukubwa wake kwa jumla ni lita 2.8, yaani kila silinda ina nafasi ya lita 0.7. Kila mashine inapozunguka mara mbili, silinda zote 4 huwa zimejaa hewa mara moja. Basi ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta kiasi cha lita 2,800 za hewa katika dakika moja. Hizo ni sawa na mapipa 14 ya lita 200. Mwenye kuvuta pumzi kwa nguvu kama hiyo, akiwekewa maji karibu na pua yake, atayavuta na maji pia.

Katika magari mengi ya namna hii pua ipo ndani ya madigadi ya mbele, nyuma ya taa, kiasi cha kimo cha kiuno cha mtu. Kutoka hapo hewa hupita katika chujio, kisha huingia katika silinda.

Ndani ya silinda pistoni hupanda na kuibana hewa. Katika mashine za dizeli hewa hubanwa mpaka ibaki sehemu moja ya 16, na katika zile za zamani hata sehemu moja ya 22. Kwa kubanwa hivyo hupata moto mkali, na moto huo ndio unaoiwasha dizeli. Lita 0.7 ikibanwa mara 22, nafasi inayobaki haijazi finjani moja ya kahawa.

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Maji kiasi cha finjani moja tu yakiingia katika silinda, pistoni itapanda na kuyakuta yamesimama kama jiwe. Nguvu ya mashine haina pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi, na pengine silinda yenyewe hupasuka. Gari la petroli mara nyingi huzimika mapema, kwa kuwa maji huziharibu cheche zake. Dizeli haiendeshwi kwa cheche, basi huendelea kufanya kazi mpaka iyameze maji yenyewe. Kwa hiyo uhodari wa dizeli majini ndio huo huo unaoiponza.

KAZI YA BOMBA LA PUMZI

Bomba la pumzi huichukua pua ya gari kutoka katika madigadi na kuipandisha mpaka usawa wa paa. Likifungwa sawasawa, wimbi likipanda juu ya boneti mashine haitalimeza. Hilo ni kweli, na hatuna haja ya kulipinga.

Wala si jambo jipya. Magari ya majeshi yaliyoteremshwa katika pwani ya Normandy, Ufaransa, mwezi wa Juni 1944, mengi yake yalifungwa mabomba marefu ya hewa na ya moshi, yapate kutoka melini hadi nchi kavu. Lakini mafundi wa majeshi hawakutosheka na mabomba. Waliziba pia vyombo vya umeme na kila mahali pa kupenyea maji, na gari likifika nchi kavu mizibo ile ilikuwa ikiondolewa. Wale walijua kwamba pua ni kitu kimoja tu katika gari.

Kazi ya pili ya bomba hili ni vumbi. Wakati wa kiangazi, katika njia zetu za udongo, gari likifuata jingine huvuta vumbi zito lililo karibu na magurudumu. Hewa iliyo usawa wa paa huwa na vumbi kidogo zaidi, basi chujio hukaa siku nyingi zaidi kabla ya kuchafuka, na silinda hazilwi upesi. Huko Australia, ambako kuna njia ndefu za vumbi, watu wengi huyafunga mabomba haya kwa sababu hiyo pia, wala si kwa mito peke yake. Kwa gari letu, ambalo siku za kavu hufanya safari nyingi kuliko siku za mafuriko, huenda faida hii ya pili ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza.

MAMBO LISIYOYAWEZA

Kwanza, bomba la pumzi haliilindi difu wala giaboksi. Vyombo hivi vina oili ndani na tundu ndogo za kupumulia juu yake. Gari likienda mwendo mrefu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Likiingia ghafla katika maji baridi, hewa hiyo hunywea, na difu huvuta chochote kilicho karibu, nacho ni maji. Dereva hatajua kitu siku hiyo. Baada ya majuma kadhaa oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa itakuwa imekwisha kuzila beringi. Fundi wetu aliifungua na difu pia, akakuta maji. Hata kama siku ile tungekuwa na bomba, difu ingeingia maji vile vile.

Pili, haliulindi umeme. Betri, alternata, stata na fyuzi hubaki palepale zilipo. Na feni inayozunguka kwa kasi ikikutana na maji mengi, mapanga yake huweza kupinda mbele na kulikata redieta.

Tatu, na hili ndilo kubwa, haliliongezei gari uzito. Maji hulinyanyua gari kama yanavyounyanyua mtumbwi. Tufanye hesabu ya skuli. Tukisie kwamba bodi ya gari ina upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4. Kila maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu yake, kabla hayajaingia ndani, hulisukuma juu kwa nguvu ya kilo 680. Gari lisilo na mzigo halihitaji sentimita nyingi za namna hiyo kabla matairi hayajaanza kuelea, na tairi likielea usukani na breki havina kazi. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwafundisha watu wake kwamba maji yaendayo kasi, ya kina cha sentimita 30, huweza kuyachukua magari mengi madogo, na ya sentimita 60 huweza kuyachukua hata mapikapu. Sentimita 60 haifiki kiunoni mwa mtu mzima.

Tena tutazame wenye kuyatengeneza magari wanasema nini. Land Rover ya Defender ya zamani iliandikiwa kina cha maji cha sentimita 50. Toyota Hilux za siku hizi huandikiwa sentimita 70. Defender mpya, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, huandikiwa sentimita 90, na kina hicho hukifikia bila ya bomba la pumzi. Basi kina cha gari hakitokani na pua peke yake. Hutokana na namna gari zima lilivyotengenezwa. Kulifunga bomba gari la zamani hakulifanyi kuwa gari jipya.

LIKIFUNGWA VIBAYA

Mabomba mengi yauzwayo ni ya pambo tu. Kwa nje ni mazuri, lakini viungo vyake havikuzibwa, au bomba halikuunganishwa vyema na sanduku la chujio. Tena katika sanduku hilo, chini yake, mara nyingi huwa na tundu ndogo ya kutolea maji ya mvua. Gari likizama, tundu hiyo hiyo huyaingiza maji, na bomba lililo juu haliwi na faida.

Kipimo chake ni chepesi. Mashine ikiwa inanguruma polepole, kinywa cha bomba kizibwe kwa kipande cha ubao chenye mpira. Mashine ipaswe kuzimika baada ya muda mfupi. Ikiendelea kunguruma, basi inavuta hewa mahali pengine, na pale inapovuta hewa leo ndipo itakapovuta maji kesho. Kazi isilipwe kabla ya kipimo hicho kufanywa mbele ya mjumbe wa Kamati.

Tukumbuke pia kwamba ili kulifunga lazima madigadi litobolewe tundu kubwa. Ukingo wa tundu usipopakwa rangi, kutu itaanzia hapo, khasa katika hewa ya chumvi ya kisiwani kwetu.

RAI YA OFISI

Baada ya kuyapima hayo, ofisi yaona mambo yafanywe kwa utaratibu huu.

1. Kwanza yarefushwe matundu ya kupumulia ya difu na ya giaboksi kwa mipira membamba, ipandishwe mpaka juu ndani ya boneti. Kazi hii ni ya gharama ndogo sana, na ndiyo inayoziba hasara isiyoonekana.

2. Gari liwe na fimbo ya kupimia maji, iliyotiwa alama nyekundu kwenye sentimita 50, pamoja na kamba ndefu madhubuti. Maji yakipita alama, gari halivuki.

3. Kisha, fedha ikibaki baada ya msimu, lifungwe bomba la pumzi lililo la kweli, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya wimbi la bahati mbaya. Lisifungwe kwa nia ya kuingia maji ambayo leo hatuyaingii.

4. Uamuzi wa kuvuka au kutovuka uwe wa dereva peke yake. Ofisi, mwenye karafuu, wala mjumbe yeyote asiwe na ruhusa ya kumharakisha. Tunaliandika hili tukijua kwamba ni sisi tuliomharakisha.

Na pale maji yanapokuwa yametulia na hayakupita alama, dereva afuate haya: abiria na wapakizi wote wateremke, mtu atangulie kwa miguu na fimbo, akiwa amefungwa kamba, gari liingie kwa gia ndogo na mwendo wa mtu atembeaye, lisibadilishwe gia wala kusimama katikati. Likivuka, breki zikanyagwe mara kadhaa ili zikauke. Mashine ikizimika majini, stata isipigwe kabisa. Gari livutwe nje, fundi azitoe plagi za moto au nozeli, mashine izungushwe kwa mkono mpaka maji yatoke, na oili yote ibadilishwe. Maji yaendayo kasi hayaingiliwi na mtu wala gari, hata yakiwa hayafiki magotini.

JIBU LA MZEE

Sasa turudi kwa yule mzee wetu. Kuna jambo moja ambalo hatukulisema katika mkutano, kwa kuwa wakati ule tulikuwa tukilionea haya.

Asubuhi ya pili, maji yalipopungua, tulikwenda bondeni kulitazama gari. Hatua tano mbele ya pale liliposimama, kalavati ilikuwa imechukuliwa na maji usiku, na njia imekatika. Palikuwa na shimo la kimo cha mtu, na chini yake mawe. Jioni ile hapakuwa na mtu aliyeweza kuliona, maana maji yalikuwa mekundu na yamefunika kila kitu sawasawa. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tuliyafika, na bado hatukuujua wingi wake.

Lau gari letu lingekuwa na bomba la pumzi jioni ile, nalo limefungwa vizuri kabisa, mashine isingezimika. Wimbi lingepanda boneti, mashine ingeendelea kupumua, na dereva angepiga mbele hatua tano nyingine pamoja na magunia 18 na vijana wawili juu yake. Konrodi ingesalimika. Hatusemi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo jibu letu kwa lile swali, "gari au mtu," ni hili: bomba la pumzi huiokoa mashine. Mtu huokolewa na dereva anayesema "sivuki", na na ofisi inayomkubalia. Tukiwa na la pili, la kwanza litatufaa. Tukiwa na la kwanza bila ya la pili, tutakuwa tumenunua kwa fedha zetu njia ya kufika mbali zaidi ndani ya maji.

Karafuu ikichelewa siku moja haiozi, maadamu imekauka na imefunikwa. Wenye karafuu na waingoje siku hiyo moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MATAWI

1. Kwa nini mashine ya dizeli hudhurika zaidi kuliko ya petroli ikiingia maji?
2. Bomba la pumzi linailinda difu? Toeni sababu.
3. Katika njia za tawi lenu, ni bonde lipi ambalo gari halipaswi kuvuka siku ya mvua kubwa, na ni njia gani nyingine ya kupita?
4. Je, tawi lenu linakubali kwamba neno la dereva liwe la mwisho, hata siku ambayo karafuu zinazongojea ni zenu wenyewe?

Tafadhali majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe na yaletwe ofisini kabla ya mkutano ujao. Shauri la bomba litapigiwa kura siku hiyo, pamoja na kanuni ya nne iliyo juu. Ofisi inawaomba wanachama wasiipitishe moja bila ya nyingine.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Jumuiya